Zamu ya Kichwa

Atafu, 6 Juni 1988

Mdogo wangu Kuresa,

Meli iko nje ya mwamba tangu asubuhi, na mabaharia wana haraka zao zile zile, kwa hiyo leo sikuulizi afya. Ukiumwa utaniandikia. Mimi mzima, ila goti la kulia, na hilo ulilijua tangu utoto.

Unga umekuja, sukari imekuja, mafuta ya taa hayakuja. Mbata hakuna anayekausha tena. Nazi zinaota na kuoza kule kwenye visiwa vidogo vya ng'ambo, maana kila kijana siku hizi anataka mshahara wa serikali, na aliyeupata anataka na kiti cha kukalia. Samaki wapo, Mungu asifiwe. Juma lililopita boti zetu ziliangukia kundi la jodari, kijiji kikaitwa kwenye mgao, na kila ukoo ukapata fungu lake pale ufukweni, mwenye mshahara na asiye nao, mzee wa kitandani na kichanga kilichozaliwa juzi. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ulianza fungu lilipofika nyumbani, ambako mgawaji ni mimi.

Zamu ya kichwa cha samaki unaijua. Kichwa kinazunguka jiko hadi jiko, na hakuna anayekipata mara ya pili kabla wenzake hawajakipata. Mama alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kusali. Sasa Lepeka, binti wa mama mdogo Fuatino, anatangaza kijiji kizima kwamba nimemtia vichwa kikapuni mara tatu mfululizo, na minofu nimeibania upande wetu. Mimi! Labda mkono ulikosea kikapu, hilo humtokea yeyote. Lakini Lepeka alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, akasema, "Kisu cha nyumba ile kimezeeka, kitafutiwe mkono mwingine." Na watu walimsikia.

Ukoo utakaa baada ya Mwaka Mpya. Kama hakuna binti wa damu ya mama atakayeketi kando yangu pale kwenye jiwe la mlangoni ajifunze kugawa, kisu kitakwenda kwa Lepeka, na masufuria yatafuata kisu, na watu watakuwa wanapita mbele ya mlango wetu kwenda kula kwake. Nyumba isiyogawa chakula ni paa tu, Kuresa. Mimi sikuzaa binti. Wanangu wawili wamehamia kwa wake zao kama wanaume wote wa hapa. Wewe unaye Makelita.

Niletee. Sina jingine.

Dada yako,
Litia


Porirua, 19 Julai 1988

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na baridi ya hapa nayo nimeipata, zote siku moja. Kiwandani bado nafunga milango ya magari. Nimefunga milango mingi kuliko watu wa visiwa vyetu vyote vitatu, na nyumbani narudi kwa basi.

Lepeka usimtie moyoni. Tangu shuleni alikuwa hivyo, ukimpa dafu anauliza mbona maji yake machache.

Kuhusu Makelita, nimezungumza naye. Amefurahi. Yuko kwenye duka la mikate, anaamka alfajiri, hana mume, wala mchumba wa kutajwa mbele ya baba. Atakuja. Waambie ukoo atakuja. Kwetu kaka hamwambii dada yake hapana, na mimi sitakuwa wa kwanza.

Ila dada, mwandiko wako umepanda mlima. Mstari wa pili umeukanyaga wa kwanza, na jina lako umeliandika juu ya langu. Una nini?

Mdogo wako,
Kuresa


Atafu, 2 Septemba 1988

Mdogo wangu Kuresa,

Mungu akuongezee siku. Mke wa mchungaji alikuwepo barua ilipofika, akapenda kuisoma kwa sauti, na sauti anayo nzuri, nikamwachia. Alipofika kwenye "atakuja" nilipiga yowe mpaka nguruwe wakajibu.

Jumapili baada ya ibada nimewaambia ukoo. Nilisema polepole, nikimgeukia Lepeka, kwamba binti wa mdogo wangu Kuresa anakuja kukaa. Siyo kutembea, kukaa. Lepeka akasema, "Tutamwona akishuka." Sawa, atamwona.

Namsukia mkeka wa mkadi. Nasuka jioni, vidole havijasahau kitu. Feleti mwanangu ananiletea tembo tamu la mnazi kila asubuhi, nikamsifu mara moja tu, na kesho yake likaja na maji. Waliosema mgema asisifiwe walimjua Feleti.

Mwandiko ni kalamu. Kalamu za duka la ushirika siku hizi ni takataka, na meza inayumba. Usiniulize tena habari za mwandiko.

Litia


Porirua, 14 Oktoba 1988

Dada yangu,

Makelita atapanda meli ya Desemba kutoka Apia. Nimempa sabuni, pilipili manga, nyama ya kopo, na kitambaa chako cha maua.

Jambo moja nakuomba. Asielezwe mambo mengi kwa pupa. Ni mtoto wa haya, amekulia huku, na huku watu hula milango imefungwa. Mwache ale, alale, aoge baharini. Habari ya jiwe itakuja yenyewe taratibu. Usimwulize alikubalije wala lini. Atajisikia vibaya.

Naomba sana hilo, dada.

Kuresa


Atafu, 11 Januari 1989

Baba,

Nina hasira na wewe, na ninaandika nikiwa nazo hivi hivi.

Ulisema likizo. Ulisema, "Kamwone shangazi yako, ule kaa wa nazi, urudi na meli ya Januari." Nilipoteremka kwenye boti watu wakaimba. Nikadhani humwimbia kila mgeni. Bibi mmoja akanishika kidevu: "Bibi yake mtupu! Jiwe limepata mtu." Nikacheka, nikidhani ni utani wa huku. Nimecheka hivyo Krismasi nzima, mimi zuzu.

Aliyenifumbua ni Lepeka. Alikuja na shelisheli la kuchoma, akakaa kunitazama nikila.

"Kwa hiyo unakaa?"

"Mpaka meli ijayo, mama."

"Meli ijayo! Mbona Litia katuambia mpaka tukuzike hapa hapa?"

Alifurahi huyo, nusura acheze. Mimi nikaweka shelisheli chini. Duka la mikate linanisubiri, baba. Nimewaambia narudi. Nimemwambia mtu mwingine pia narudi, na huyo humjui bado, na kwa sasa sioni sababu ya wewe kumjua.

Mfuko wangu ulikuwa mlangoni tangu jana. Sasa sikiliza kwa nini barua inapanda meli na mimi sipandi.

Shangazi haoni. Sisemi haoni vizuri. Anaona taa, anaona kivuli cha mtu mlangoni, basi. Siku ya kugawa huniketisha ubavuni mwake, kwa hiyo mimi niko karibu kuliko wote. Samaki anamjua kwa kupapasa, kichwa anakijua, mkia anaujua, na anakata sawa kuliko mimi mwenye macho. Asichokijua ni kikapu cha nani. Kila mtu ana mahali pake pa kuweka kikapu mbele ya jiwe, naye amevikariri kwa mpangilio huo. Lakini Lepeka anachelewa. Kila siku anachelewa! Anakuja mbio, anachomeka kikapu chake penye nafasi, na safu yote inasogea. Vichwa vyake vitatu ndivyo vilivyotoka huko. Hakuna chuki hapo, ni uchelewaji wake mwenyewe.

Nikaanza kuuliza kwa sauti ndogo, kama ninayejifunza: "Hiki cha mama Lepeka, shangazi? Hiki cha Tinielu?" Naye anaitika, "Vizuri, mwanangu, utawajua tu." Vidole vyake vimejaa makovu ya kisu. Hajamwambia mtu. Ikijulikana, siku hiyo hiyo kisu kinahama, na sijui atabaki na nini, maana asubuhi hadi jioni maisha yake ni kuita watu na kuwapa.

Nikiondoka, mgao unaofuata Lepeka atapata kichwa cha nne. Umeniweka hapa wewe. Fanya kitu.

Makelita


Atafu, 11 Januari 1989

Mdogo wangu Kuresa,

Naandika upesi, na meli hii hii inamchukulia Makelita barua yake. Sijui amekuandikia nini, lakini aliandika kwa kubonyeza kalamu mpaka meza ikalia. Bila shaka anakushukuru.

Mtoto ana mikono mizuri. Shida yake ni ya mjini, watu hawajui. Kila kikapu lazima aulize cha nani, wala simnyamazishi, maana kuuliza si ujinga. Nyama ya kopo aliyoleta aliigawa vipande vidogo mno, watoto wakamcheka. Jana Lepeka alinong'ona kwamba ana mfuko tayari mlangoni. Nikamwambia mfuko wa mtu ukae wapi, juu ya mnazi?

Ukoo umekaa. Wamekubali Makelita aketi nami. Lakini Lepeka kawashawishi, na neno limepita: katikati ya mwaka msichana agawe peke yake mbele ya wote, mimi nisiwepo hata kwa kukohoa. Akigawa sawa, kisu kinabaki kwetu. Akikosea, ni cha Lepeka, na hakuna wa kulalamika.

Hatakosea. Mimi simwogopi Lepeka.

Litia


Porirua, 8 Februari 1989

Mwanangu Makelita,

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwa shangazi yako. Dada yangu aliomba, na kumkatalia nisingeweza. Nikikuomba wewe, ungekataa. Basi kila mmoja nikamwambia alichopenda kusikia, nikategemea bahari ni pana. Nimekosa kwako, na nimekosa kwake.

Kuhusu macho, nimemweleza muuguzi wa hapa mtaani, yule Msamoa. Anasema kwa maelezo yako huenda ni mtoto wa jicho, na kama ndiye, daktari wa mjini anamtoa na mtu anaona tena. Nimeshamtafutia nafasi. Aje huku, alale chumbani kwako, mimi nitampeleka.

Lakini namjua Litia. Hataliacha jiwe wazi hata akipofuka na masikio. Ataondoka tu kama kuna mtu aliyeketi mahali pake, na huyo mtu ni mmoja. Siwezi kukuamuru, mwanangu. Nakuomba, na safari hii unajua ninachokuomba. Ukikataa, njoo nyumbani, sitasema neno, na shangazi yako nitamwandikia ukweli mwenyewe.

Baba yako,
Kuresa


Atafu, 15 Aprili 1989

Baba,

Barua hii inaletwa na shangazi mwenyewe, imo ndani ya kikapu chake chini ya samaki wakavu. Usiogope, hawezi kuisoma.

Barua yako ilinikuta nimeshaanza kuchoka kunong'ona. Nikamngojea mpaka tumebaki wawili jikoni, nikamwambia, "Shangazi, twende hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Macho yako."

"Macho yangu yana nini? Nakuona vizuri sana. Umevaa bluu."

"Nimevaa nyekundu, shangazi. Na unaongea na mlango."

Alinyamaza. Baba, sijawahi kumwona shangazi amenyamaza, hata kanisani huwa anamsaidia mchungaji. Kisha akasema, "Tangu lini?" Nikasema tangu Krismasi. Akasema, "Kumbe maswali yako yale." Halafu akalia, na mimi nikalia, na moshi wa vifuu ukatusaidia kusingizia.

Nikamwambia aje kwako. Akauliza nani ataketi. Nikasema mimi, mpaka arudi, na siku anayoshuka kwenye boti ndiyo siku ninayopanda, hata saa moja zaidi siketi. Akakubali haraka mno. Nahisi alikuwa anangoja miaka mtu amlazimishe.

Watu wameambiwa anakwenda kwa ajili ya goti. Lepeka kamwambia, "Goti, eh? Nenda, nenda, wakutazame hilo goti vizuri." Kisha akamletea kikapu cha samaki wakavu wa safari, aliowachagua mmoja mmoja. Simwelewi yule mama.

Mtunze. Hula kidogo mpaka aone wengine wameshiba.

Makelita


Porirua, 10 Juni 1989

Mwanangu Makelita,

Tazama mistari yangu! Imenyooka kama safu ya minazi ya shule. Naandika mwenyewe na kusoma nitasoma mwenyewe, mke wa mchungaji apumzishe sauti.

Daktari ni kijana mwenye mikono baridi. Jicho la kushoto mwezi uliopita, la kulia juma hili. Walipofungua kitambaa, cha kwanza kuona kilikuwa kizee kimoja chenye upara kimekaa kwenye kiti kinalia. Nikamwuliza muuguzi, "Huyu mgonjwa ana nini?" Kumbe ni mdogo wangu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na nywele tele, akipunga mkono kwenye boti. Nikamwambia afunge vifungo vya shati.

Nyumba yenu naijua sasa. Baba yako ananunua kuku mzima, anafunga mlango, anamla peke yake siku tatu. Siku tatu na kuku mmoja! Nimemkata vipande, nikampeleka kwa jirani wa kulia na wa kushoto na yule mzee Mzungu mwenye mbwa. Mzee akauliza bei. Sasa kila jioni kuna mtu mlangoni, wa kuleta au wa kuchukua, na baba yako analalamika kuwa hapati kusikiliza redio. Uongo, anawangojea.

Baba yako kanieleza yote aliyotudanganya. Nimemkaripia mpaka akakosa pa kukaa. Sikukuitia mtego, mwanangu. Mimi niliambiwa umefurahi.

Yule kijana wa duka la mikate alikuja kuuliza habari zako, amebeba mkate. Nimempa paja la kuku. Ni mnyenyekevu, ila anakula haraka.

Meli ya Septemba nitakuwemo. Funga mfuko wako, ahadi ni ahadi. Niambie tu, siku yako ya kugawa imekwendaje? Siwezi kulala.

Shangazi yako,
Litia


Atafu, 7 Julai 1989

Shangazi,

Lala.

Walikuja wote, hata wasiokula kwetu. Maboti yalirudi na jodari wengi, na fungu letu lilikuwa kubwa. Vikapu vikapangwa. Lepeka alichelewa kama kawaida yake, akachomeka katikati, nikamngoja akae. Nilikata kama ulivyonifundisha, kuanzia mgongoni, bila kumtazama mtu usoni. Wazee, wenye watoto, wajane. Kichwa kilikuwa zamu ya Tinielu, nikampa Tinielu. Nikaosha kisu, nikakiweka juu ya jani, nikasema nimemaliza.

Nikaona watu wanatazamana.

Lepeka akasimama. "Kikapu cha nyumba hii kiko wapi?"

Shangazi, nilikuwa sikukiweka. Wewe hupo, na mimi nilisahau kujihesabu. Nimempa kila mtu, sisi hatuna hata mkia. Nikafikiri basi, nimekosea, kisu kimekwenda.

Lepeka akatazama kikapu chake kwa muda. Kisha akatoa mnofu, mzuri, wa mgongoni, akaja akauweka gotini kwangu mbele ya watu. "Shika. Mgawaji akisahau tumbo lake, hilo si kosa la kunyang'anyia kisu. Mama yangu Fuatino alisema bibi yako naye alianza hivyo hivyo." Kisha akageuka kwa wote: "Na kesho asije mtu akasema Lepeka ana roho mbaya!" Watu wakacheka, ikawa imekwisha.

Baadaye alinifuata jikoni. Aliniuliza pole pole, "Macho yamepona?" Alijua, shangazi. Kakasirika kwa sababu hukumwambia, na ninyi mmekua pamoja. Sasa hivi anakuja mapema. Kikapu chake ndicho cha kwanza.

Kijana wa mkate usimlishe sana. Nakungojea Septemba, mfuko nimeutoa darini.

Makelita


Atafu, 13 Septemba 1989

Mdogo wangu Kuresa,

Nimefika. Mawimbi yalikuwa mabaya kwenye mwamba, nikalowa mpaka shingoni, na sikufumba macho hata mara moja. Nilitaka kuona kila kitu. Paa la kanisa lina kutu, hamkuniambia. Watoto niliowajua kwa sauti wana nyuso.

Mfuko wa Makelita ulikuwa ufukweni, umefungwa kamba, unangoja boti litakalorudi melini. Mwenyewe hakuwepo. Nikauliza yuko wapi, wakasema maboti ya uvuvi yameingia asubuhi, mgao wa kijiji umekwisha, yuko kwenye jiwe. Nikapanda polepole na goti langu, nikasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyeniona. Lepeka alikuwa mbele kabisa, na kikapu chake cha kwanza.

Kuresa, nimemwona mwanao akigawa. Nywele amezifunga juu kama mama. Anaita jina, mtu anaitika, mkono unakwenda na kurudi, hana pupa. Meli ikapiga honi. Nilimtazama kama atainua kichwa. Hakuinua, kulikuwa na vikapu vilivyobaki. Ikapiga tena, na boti likaondoka, na vijana wakaurudisha mfuko wake juu wakicheka. Anasema atapanda meli ijayo. Labda. Kijana wa mkate mwambie ukweli tafadhali, nawe ujifunze. Akitaka kumwona, meli ndiyo hiyo, na mwanamume kwetu huhamia kwa mke.

Mwisho akaniona. Akanyanyuka, akanipungia kisu, watu wote wakageuka. Nikadhani sasa ataniketisha mahali pangu, baada ya bahari yote ile. Akasema, "Karibu, shangazi. Kikapu chako hiki hapa." Nikakipokea mbele ya ukoo mzima, mbele ya Lepeka, nikafunua jani.

Kichwa! Mimi, niliyetoka safarini leo! Lepeka alicheka mpaka akakaa chini.

Nilivihesabu vikapu vyote, kimoja kimoja, kwa macho yangu mwenyewe. Zamu ilikuwa yetu.

Dada yako,
Litia